Eda ya Mtu Aliye Hai

Twalib, mume wangu, alifariki Jumapili ya tarehe kumi na mbili Mei, saa tatu kasorobo asubuhi, na ilipofika saa kumi na robo jioni wanaume walikuwa wamesharudi makaburini na matope miguuni. Masika ilikuwa haijaisha. Walisema kaburi lilitoka maji, wakayateka kwa ndoo mara mbili kabla ya kumlaza. Sikuwapo, sisi wanawake hatuendi, lakini ndoo ilikuwa yangu na niliiona ilivyorudi.

Alikuwa fundi wa mafriji na mafriza. Asubuhi ile alichuchumaa uani mbele ya friza la mama mmoja wa soko la samaki Bagamoyo, akaniomba bisibisi ya nyota. Niliingia ndani kuitafuta. Nilipotoka nilimkuta ameegemeza kichwa kwenye bati la friza, sikio limegusa, macho yamefumba. Ndivyo alivyokuwa akifanya kazi, anausikiliza mtambo kwanza. Nikasimama na bisibisi mkononi nisimsumbue. Sijui nilisimama muda gani. Hilo ndilo ninaloandika kwanza, kwa sababu ndilo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Kwetu pwani kumharakisha maiti ni kumheshimu. Watu walikuja wenyewe, wa kuchimba, wa kuosha, wa kukata sanda, na hakuna aliyeuliza karatasi. Nani aulize? Mtendaji wa kijiji mwenyewe alikuwa makaburini Mlingotini, ameshika jembe, na aliporudi aliketi kwenye jamvi akala wali wa matanga kama wengine. Twalib alizikwa vizuri kabisa. Kuandikwa tu ndiko hakuandikwa.

Mlangoni mwa friji letu ilikuwa imebandikwa barua. Aliibandika mwenyewe mwezi Aprili. Ilikuwa na majina mawili na tarehe: Jumatano, thelathini na moja Julai, saa mbili unusu asubuhi, ubalozini, Dar es Salaam. Miadi ya mwisho.

Safari ile ilianza kama mzaha. Kuna nchi ya ng'ambo inayochezesha bahati nasibu, watu wanajaza fomu kwenye mtandao, na wachache wanaotoka hupewa nafasi ya kwenda kukaa moja kwa moja. Nchi yenyewe siitaji, haina kosa katika habari hii. Fomu niliijaza mimi, kwenye stesheneri iliyo jirani na duka la dawa nilikokuwa nauza, kwa kuwa walitaka mtu aliyemaliza sekondari, na Twalib aliishia la saba. Kwa hiyo jina la kwanza likawa langu, Mwanvita Shuaibu, na chini yake mume, Twalib Mbaruk. Alicheka wiki nzima. Akawa anawaambia watu kwamba safari hii bwana ni Mwanvita, yeye ni bi harusi, anangoja kuchukuliwa.

Mwaka uliofuata jina likatoka. Tulikwenda polisi kuchukua hati za tabia njema, tukapimwa damu na vifua, tukapiga picha. Likabaki jambo moja: kwenda ubalozini siku hiyo iliyoandikwa, kuulizwa maswali na kuchukuliwa alama za vidole. Atakayekosa siku yake amekosa moja kwa moja. Twalib alikuwa ameshaanza kuwaaga wateja.

Halafu nikaingia eda.

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Mwanamke anakaa nyumbani kwake, hajipambi, hatii wanja wala hina wala manukato, hatoki ila kwa shida. Sisi tuliishi upande wa uani wa nyumba ya mama yake Twalib, Bi Ghalia, basi nikakaa humo, chumba kimoja chenye pazia, na nguo tatu za bafta nyeupe nilizokuwa nikibadilisha. Aliyekuwa akinitazama ni Bi Dija, jirani, mwanamke mzee aliyewakalisha eda wengi pale mtaani. Mwenyewe ameshakaa tatu. Siku ya kwanza nilipomuuliza leo ni ya ngapi akaniambia nisimtie katika hesabu, yeye kalenda yake ni waume.

Idi ya kuchinja ilinikuta ndani. Nilisikia watoto wanapita na viatu vipya.

Siku ya hitima ya arubaini, wageni walipoondoka, Feisal alikuja kukaa nje ya pazia langu. Feisal ni mdogo wake Twalib, wamepishana mwaka mmoja na miezi. Urefu ni ule ule, mwanya ule ule, hata kukohoa. Sokoni kuna watu wanamwita Twalib mpaka leo. Anauza vocha na kutengeneza simu, siku nyingine anapata, siku nyingi hapati. Yeye kwangu si maharimu, hawezi kukaa nami uso kwa uso, kwa hiyo alizungumza na pazia, na mama yake alikaa mlangoni katikati yetu.

Alianza kwa kunipa pole upya. Kisha akasema:

"Shemeji, serikalini Twalib yu hai. Hakuna mahali ameandikwa kufa."

Nilidhani ananituma nikaandikishe. Nikamjibu ni kweli, tumechelewa, nitamwomba Ustadh Husseni wa msikitini atusaidie. Akasema hapana, ndiyo kheri yenyewe hiyo. Akaeleza taratibu, na nilitambua kwamba ameshaeleza mara nyingi mahali pengine. Kuna mtu Dar anayejaza watu fomu. Mtu huyo amemwambia nikienda kusema mume amekufa, faili linafungwa, kwa sababu waliochaguliwa ni mke na mume, si mjane. Nitakosa mimi, atakosa kila mtu. Lakini pasipoti ya Twalib ipo, na picha yake ni ya miaka minne nyuma. Vipimo alishapimwa mwenyewe.

"Vilivyobaki ni vidole," akasema, "na vidole ninavyo."

Tutakwenda pamoja siku hiyo, mke na mume. Tukifika ng'ambo, kila mtu na njia yake. Yuko tayari kushika msahafu kwamba hata kivuli changu hatakigusa.

Nikamuuliza, na lile kaburi? Aliyejibu ni mama yake, taratibu, kama anayesema na nafsi yake:

"Kule watamwita Twalib kila siku. Kazini watamwita Twalib, dukani watamwita Twalib. Hapa nani atamwita tena?"

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia Bi Ghalia, lakini kwa neno hilo nikashindwa. Nilisema tu kwamba siwezi. Nilisema kwa sauti ndogo, na neno likisemwa kwa sauti ndogo watu hulichukua kama bado halijasemwa.

Pasipoti zilikuwa kwa mama mkwe. Asubuhi ile ya msiba wanawake walikusanya kila kitu cha thamani kilichokuwa chumbani mwetu, ndivyo inavyofanywa, wakafungia katika kasha la Bi Ghalia. Saa ya Twalib, simu yake, vyeti vyangu, pasipoti mbili. Ufunguo ulikuwa umefungwa pindoni mwa kanga yake, na kanga hiyo alilala nayo. Bila pasipoti sifiki ubalozini, wala peke yangu wala na mtu. Wote watatu tulilijua hilo, na hakuna aliyelitamka.

Wiki tatu zikapita hivyo. Bi Ghalia aliacha kula nami sinia moja, akawa ananiletea sahani. Feisal aliendelea kuja kila baada ya alasiri kukaa nje ya pazia, na daftari. Alikuwa anajifunza. Mlioana mwezi gani? Mahari ilikuwa nini? Shangazi yenu wa Vigwaza anaitwaje? Mara ya kwanza nilinyamaza, mara ya pili nikanyamaza, naye akawa anaandika majibu anayoyajua na kuruka asiyoyajua. Alhamisi moja akauliza jambo ambalo yule mtu wa Dar alimwambia huulizwa sana.

"Twalib hulala upande gani?"

Nikamjibu. "Ubavu wa kulia. Ameelekea kibla."

Nilisikia kalamu inaandika, kisha ikasimama. Akaondoka bila kuaga.

Usiku huo sikulala vizuri, lakini si kwa huzuni. Nilikuwa na hasira, na hasira kwa mtu aliye edani ni kama mgeni, hujui umpe kiti gani. Kulipokucha nilifungua sanduku langu. Nikatoa doti ya kanga nyekundu aliyoninunulia Twalib Idi ya mwaka jana, na gauni langu la zambarau, na herini, na chupa ya marashi, na pakiti ya hina ambayo haijafunguliwa. Nikabeba hayo mkono mmoja. Mkono wa pili nikabeba bafta nyeupe iliyofuliwa. Nikatoka uani.

Bi Ghalia alikuwa mkekani na ungo anachambua mchele, Bi Dija kando yake. Feisal alikuwa kibarazani anazungumza na simu. Nilijitanda vizuri, nikapiga magoti, nikapanga vitu mkekani mbele ya mama mkwe wangu, vya rangi kulia kwake, vyeupe kushoto.

"Mama," nikasema, "nichagulie."

Aliuliza anichagulie nini.

"Mnasema mwanao yu hai. Mke wa mtu aliye hai hakai eda, akikaa anamwapiza mumewe. Kama Twalib yu hai, nivalishe hiyo nyekundu, unipake hina leo Ijumaa, nitoke nikapite sokoni watu wanione. Kama amekufa, nipe hii nyeupe, na nitakwenda kuwaambia amekufa. Eda ya mtu aliye hai mimi siijui. Chagua wewe uliyemzaa."

Feisal aliweka simu chini. Akasema mimi nachanganya mambo, hii ni dini na ile ni ofisi ya watu, ni siku moja tu, na Mungu anaujua ukweli.

"Mungu ofisini pia yupo, Feisal," nikamwambia, bila kugeuka.

Bi Dija alitaka kucheka akajizuia kwa kukohoa.

Bi Ghalia hakututazama. Aliigusa kanga nyekundu, akaipapasa pindo lake kama anayepima ubora wa kitambaa dukani. Aliinusa. Nadhani ilikuwa bado na harufu ya sanduku letu, ya karafuu na vile vipande vya sabuni alivyopenda Twalib kuviweka katikati ya nguo. Akaikunja, akaikunja tena, akaiweka mapajani mwake chini ya ungo. Kisha akachukua bafta, akaikung'uta pumba za mchele, akanifunika nayo mabegani kwa mikono miwili.

Halafu akalia. Siku ya msiba alizimia mara tatu, kulia hakulia. Feisal alitaka kumwendea, Bi Dija akamzuia kwa kiganja.

"Mwache," akasema. "Amechelewa sana huyu."

Jumatatu Bi Ghalia alivaa baibui lake, akafuatana na Ustadh Husseni kwa mtendaji. Mtendaji aliona haya, akaandika barua papo hapo. Kisha wakaenda wilayani Bagamoyo, wakarudishwa kwa ajili ya shahidi, wakaenda tena, wakaambiwa karani hayupo, wakaenda mara ya tatu. Karani alimuuliza kwa nini kifo kimekuja kuandikishwa baada ya miezi miwili. Bi Ghalia alimjibu kwamba walimzika mapema, wakasahau kumwandika. Ustadh ndiye aliyenisimulia. Alisema karani naye aliinamisha kichwa, akaandika tu.

Bi Ghalia alirudi na cheti ndani ya mfuko wa nailoni, akanikabidhi pamoja na pasipoti yangu. Nikamuuliza ya Twalib. Akasema kashani haimo. Sikumlazimisha kusema zaidi. Ufunguo ulikuwa pindoni kwake, lakini mtu mwenye kulia sana hulala sana.

Ustadh Husseni nilimuuliza pia habari ya kutoka. Akasema shida inaruhusu, mchana, kwa nguo zangu za eda, na magharibi inikute kwangu. Mtaani hawakuridhika. Mmoja alipita dirishani akisema kwa sauti ya kunisikilizisha kwamba kuna wajane wanakimbilia ndege hata mchanga wa kaburi haujakauka. Bi Dija alikuwa ndani ananifulia. Alitoa kichwa, akamwambia mchanga wa Mlingotini haukauki, uko pwani, atangoja sana.

Kaka yangu Muhidini alikuja kunichukua kutoka Vigwaza kwa pikapu yake ya kubebea mananasi, saa kumi na moja alfajiri. Nyuma alikuwa na shehena ya kupeleka mjini. Nilivaa bafta na ushungi mweupe, miguuni ndala za kawaida. Gari zima lilinukia, na nikasita mlangoni, kwa sababu mwenye eda hapaki manukato. Bi Dija alinisukuma kwa bega. Akasema nanasi si udi, nipande.

Njia nzima Muhidini hakunisemesha ila mara moja, aliponiuliza kama nimekula. Mapinga tulikuta foleni. Nilishika mfuko wa nailoni kwa mikono miwili na nikawa narudia maneno yangu moyoni. Yule mtu wa Dar wa Feisal nilikuwa namwamini, hilo niliandike wazi. Niliamini kwamba nikitamka amekufa faili litafungwa, na nitarudi dukani kuuza panadol mpaka uzee wangu. Nilikuwa nakwenda kulifunga mwenyewe.

Nje ya ubalozi kulikuwa na mstari kando ya ukuta, watu wamevaa vizuri kama wanaokwenda harusini. Mbele kidogo, mgongo kwangu, alisimama Twalib.

Alikuwa amevaa koti lake la kijivu la siku ya harusi. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kama lilivyokuwa limeshuka siku zote kwa kubeba mkoba wa vifaa. Kwa hatua mbili nilifurahi. Moyo ulikwenda mbio mbele yangu, na kama ningekuwa na umbali zaidi ningekimbia. Kisha akageuka. Alikuwa Feisal.

Akaja kusimama ubavuni kwangu katika mstari, mahali pa mume. Sasa hakukuwa na pazia. Nilisikia sabuni ya Twalib kwenye kola ya lile koti.

"Mama hajui," akaninong'oneza. "Nisitiri tu, shem. Wewe nyamaza, mimi nitasema yote. Ukinyamaza hujasema uongo."

Nilikuwa nimenyamaza siku themanini. Nilijua kunyamaza kunakofika.

Mstari ulisogea. Mlangoni alikuwapo mlinzi, kijana Mtanzania mwenye sare, na ubao wa karatasi za majina. Alinitazama nguo zangu, akatazama orodha.

"Mwanvita Shuaibu?"

Nikaitika.

"Na mume. Twalib Mbaruk."

Feisal alipiga hatua moja, mkono umeshaingia ndani ya koti.

"Twalib Mbaruk amekufa," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu waligeuka mstari mzima. Sikuipunguza.

"Alikufa tarehe kumi na mbili Mei, amezikwa Mlingotini. Cheti chake hiki hapa. Niandike peke yangu."

Mlinzi alichukua cheti, akakisoma chote, mpaka chini. Akasema, pole sana mama. Kisha akamtazama Feisal, koti, na mkono uliokuwa bado kifuani.

"Na huyu?"

Neno moja lilitosha kumpeleka pabaya, na nilikuwa na haki nalo. Nilimwona Feisal anameza mate, na koromeo lake likapanda na kushuka kama la kaka yake.

"Shemeji yangu," nikasema. "Amenisindikiza."

Mlinzi akapiga mstari juu ya jina la pili kwa kalamu nyekundu, akaniambia niingie. Feisal alinifuata kwa macho, akasema kwa chini:

"Umeniua, shem."

"Wewe u hai, Feisal," nikamwambia. "Nenda kakae kivulini."

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Nilipoitwa dirishani nilimkuta mama wa kizungu mwenye miwani, na dada mmoja wa kutafsiri. Niliapishwa. Nikaulizwa jina, kuzaliwa, shule, kazi. Nilipoulizwa mume yuko wapi, nilipitisha cheti chini ya kioo kabla swali halijatafsiriwa. Alikisoma, akamuuliza dada jambo, na dada akamweleza, nadhani, kuhusu nguo nyeupe, maana wote wawili waliniangalia ushungi. Alipiga chapa kwenye kompyuta kwa muda mrefu. Niliwaza kwamba ndivyo faili linavyofungwa, kwa vidole, bila kelele.

Kisha akauliza, na dada akatafsiri: baada ya msiba huo, mbona hukughairi?

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo sikulitarajia. Nikajibu lililokuja.

"Kwa sababu jina la kwanza ni langu."

Dada alitabasamu kabla ya kutafsiri. Yule mama hakutabasamu, lakini aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa sawasawa. Akaeleza. Aliyechaguliwa ni mimi. Mume alikuwa anafuata nyuma yangu; kifo chake kimeondoa nafasi yake, yangu hakikuigusa. Kama ningekuja na kudanganya juu yake, hapo ndipo ningekosa yote. Yule mtu wa Dar hakuwa anajua chochote.

Niliweka vidole kwenye kioo cha mashine, vinne vya kulia, vinne vya kushoto, kisha vya gumba viwili pamoja. Kucha zilikuwa nyeupe. Toka niolewe sikuwahi kuziona hivyo mpaka mwaka huu. Aliniambia pasipoti nitaipata baada ya wiki mbili na viza ndani, na niwe nimeshaingia nchini kwao kabla Septemba haijaisha. Nilipoinuka akasema neno moja la Kiswahili, pengine ndilo analolijua. Akasema pole.

Feisal nilimkuta kivulini kweli, upande wa pili wa barabara, kwenye pikapu. Muhidini alikuwa amemkatia nanasi. Koti alishalivua, amelikunja, ameliweka juu ya magoti, na alikuwa anakula ameinamia mbele lisidondokewe na maji ya tunda. Aliponiona alijifuta mkono kwenye suruali, akatoa pasipoti ya kaka yake, akanipa bila kunitazama.

"Wamekataa?" akauliza.

Nilimwambia wamekubali. Akasema basi alhamdulillahi, halafu akasema yule mtu wa Dar alikula elfu themanini zake. Muhidini, ambaye siku nzima hakuwa amesema ila neno moja, akamwambia ale basi na nanasi la pili, arudishe japo kidogo. Feisal akacheka. Alicheka vibaya, na machozi, lakini alicheka.

Tulirudi yeye akiwa amekaa nyuma na mananasi yaliyobaki, mimi mbele na kaka yangu. Magharibi ilinikuta ndani. Bi Ghalia alikuwa amesimama mlangoni mwa uani tangu alasiri, Bi Dija aliniambia, hakukubali kiti.

"Umewaambia?" akauliza.

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema pole, mama."

Aliitikia. Usiku huo aliniletea sinia, si sahani, akaketi tukala pamoja.

Koti liko sandukuni. Mwenye friza alikuja mwezi Agosti kuulizia friza lake, na Feisal akalifungua kwa ile bisibisi ya nyota, akaharibu, akarudia, sasa linagandisha upande mmoja. Bi Ghalia amenirudishia kanga nyekundu na pakiti ya hina. Amesema hina atanipaka mwenyewe.

Viza imetoka, ina jina moja. Eda yangu inaisha Jumanne, tarehe kumi na saba Septemba. Ndege ni Jumanne inayofuata, saa tisa alasiri.